Gemu yetu ya vita tumeichora manga, mbona haishiki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na binamu yangu tunakaa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Yeye huandika programu, mimi huchora. Kwa miaka miwili tumetengeneza gemu ya simu, vita vya mkakati vya zamu kwa zamu: visiwa vinne, majini, wachawi wa bahari, na kikosi cha watu 24 ambacho mchezaji hukiongoza. Sasa tunataka kuitoa kama manga, yaani hadithi ya picha ya mtindo wa Kijapani. Nimemaliza sura ya kwanza, kurasa 30, vita vya darajani, na nimekutumia pamoja na gemu yenyewe. Kila niliyemwonyesha anasifu michoro, lakini nikimuuliza baada ya siku mbili hakumbuki lililotokea. Hata wanaoipenda gemu. Tumekosea wapi? Na jengine: tuchore kutoka kulia kwenda kushoto kama Wajapani, au la?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kurasa zako nimezisoma mara tatu: mara moja haraka, kama atakavyosoma mtu ndani ya matatu, mara ya pili polepole, kalamu mkononi, na mara ya tatu baada ya kuicheza gemu yenyewe hadi ramani ya nne. Mkono unao. Maji yale yanayozunguka nguzo za daraja yamechorwa na mtu aliyekaa akautazama mkondo wa Likoni kwa macho yake. Kwa hivyo la michoro tuliache, halina ugonjwa.

Aliyekosekana ni mtu. Gemu yenu ina mhusika wa 25 ambaye hamkumhesabu, naye ndiye mhusika mkuu: yule aliyeshika simu.

Mtazame anavyocheza. Anamsogeza mpiga mkuki miraba mitatu mbele, zamu ya adui inafika, mpiga mkuki anauawa, na mchezaji anauma mdomo. Kwa nini? Mpiga mkuki huyo hana hata sentensi tatu katika gemu nzima. Mchezaji hamjui mamake wala kwao. Kinachomuuma ni kuwa yeye ndiye aliyempeleka, na angeweza kumwacha nyuma ya ukuta. Uzito wote wa gemu ya mkakati unakaa hapo, pale kidole kinapoelea juu ya kioo kabla hakijagusa. Ukiyahamishia mapigano karatasini, kidole hakihami nayo. Msomaji hana analoamua, kazi yake ni kufungua ukurasa. Basi wapiganaji wako wanasonga, wanapiga, wanaanguka, na hakuna aliyewatuma. Kifo kisicho na aliyekituma hakimkai mtu kichwani.

Nenda jioni moja kwenye baraza lolote linalochezwa bao, ukae usikilize wanavyosimulia mchezo wa jana. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Hujapata kumsikia mzee akisimulia shimo kwa shimo. Atakwambia: alikuwa na mtaji mzuri, nafasi ya kula, upande wa kushoto, akazishika kete mkononi, akaitazama nyumba yake, lile shimo kuu, akasita. Hapo waliokaa wote wanasogea mbele. Mzee yule amefanya kazi unayotaka kuifanya wewe, kageuza mchezo kuwa kisa, na alichokichagua ni mkono uliosita. Kurasa zako 30 zimesimulia shimo kwa shimo. Zamu zote nane za vita vya darajani zimo, kwa mpangilio wake, kila moja ikipewa kurasa zake tatu au nne. Umekuwa mwaminifu kwa gemu mahali ambapo gemu haikuhitaji uaminifu wako.

Wapo waliolipita tatizo hili kabla yenu, na njia zao zinafaa kutazamwa kwa makini.

Mwaka 2002 ilitoka Warcraft III, gemu ya mkakati ya kampuni ya Blizzard. Katika sehemu yake moja mchezaji anaongoza jeshi la wafu kuivamia nchi ya Quel'Thalas hadi kwenye chemchemi yake ya uchawi, Sunwell. Anayaona yote kutoka juu, kama ndege. Kuanzia 2005 hadi 2007 kampuni ya Tokyopop ilitoa juzuu tatu za manga juu ya chemchemi hiyo, zikiandikwa na Mmarekani na kuchorwa na Mkorea. Hawakuurudia uvamizi. Walianza baada yake, na joka la buluu linalowindwa linaloanguka karibu na nyumba ya msichana wa shambani. Msichana huyo hana jeshi wala ramani, na siri ya chemchemi imo ndani yake mwenyewe bila ya yeye kujua. Waliketisha mtu wa chini pale alipokuwa amekaa mchezaji wa juu. Ninalolipenda zaidi katika kisa hiki ni lililofuata: mwaka 2008 msichana huyo na joka lake waliingizwa ndani ya World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kampuni hiyohiyo. Manga iliirudishia gemu watu ambao gemu haikuwa nao.

Njia ya pili ni ya Fire Emblem, mama wa gemu za aina yenu, iliyotoka Japani mwaka 1990 kwa mashine ya Famicom. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu na wakati wa kutoka kwa toleo lake lenye shujaa aitwaye Roy, gazeti la kila mwezi la Shonen Jump lilichapisha manga ya ulimwengu uleule, ikafika juzuu 11. Shujaa wa manga hiyo si Roy. Ni kijana mwengine kabisa, Al, anayepita katika vita vilevile kwa njia yake, na Roy anaonekana kama mtu anayekutana naye. Sababu yake naiona wazi. Roy ni wa mchezaji. Kila aliyecheza ana Roy wake, aliyemfundisha mwenyewe na kumshindisha kwa maamuzi yake. Ukimchora, unamnyang'anya. Al ni wa msomaji tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa njoo kwa kamanda wenu. Hana jina, uso umefunikwa na kilemba, hasemi. Katika gemu ni sawa kabisa, kwa sababu ni joho la mchezaji kulivaa. Kwenye manga ni joho tupu lililosimama kilimani, nawe umempa kurasa saba.

Ningekuwa mimi, ningemchukua yule msichana mpeleka ujumbe.

Najua kwenye gemu ni mtu wa pembeni. Kazi yake ni moja, kuifikisha amri ya kamanda miraba mitatu mbali zaidi, na wachezaji wengi watamwacha nyuma kwa kuwa hana silaha. Lakini mfikirie. Yeye ndiye anayetoka kilimani akiwa na neno la kamanda, akakimbia nalo hadi kwa mtu atakayekufa kwa sababu ya neno hilo. Mpango anaujua wote, na anaujua uso wa kila anayeutekeleza. Yeye ni kidole cha mchezaji kilichoota miguu. Nguvu ya kuibadilisha amri hana, ila ana nguvu ya kuchelewa njiani, au ya kusema nusu yake. Humo mna manga nzima, si sura moja.

Nikupe mfano kwa vita vyenu wenyewe. Ramani ya kwanza inamtaka mchezaji alishike daraja hadi zamu ya nane. Zamu ya tano mashua ya nafaka inashambuliwa upande wa chini, na mchezaji mwerevu huwatoa wapiga upinde darajani wakaiokoe, akamwacha mpiga mkuki peke yake kwa zamu mbili. Nilipoicheza nami nilifanya hivyo, na mpiga mkuki akafa. Hiyo zamu ya tano ndiyo sura yako ya kwanza. Zilizobaki zitupe.

Tuseme kurasa 30 zibaki. Sita za mwanzo, kabla ya vita: msichana na mpiga mkuki wanakula pamoja, na mambo yawe madogo. Mathalan mpiga mkuki anamdai kisu alichomwazima, naye msichana anasahau kila siku kukirudisha. Kurasa nne za daraja lenyewe, nani yuko wapi, vita vinaanza. Halafu kurasa 12, kumi na mbili nzima, kwa zamu moja: msichana anapewa amri kilimani, anashuka nayo, anafika. Mshushe taratibu. Mpe kona, mpe ngazi, mpe mbuzi aliyekatiza njia, kila kinachoweza kumpa sababu ya kusimama. Akifika, mpiga mkuki anauliza, "Kamanda asemaje?" Swali hilo liweke kisanduku cha mwisho cha ukurasa, upande ambao msomaji lazima afunue ili apate jibu. Akifunua, akute wapiga upinde wanaondoka wakiwa wametupa mgongo, na msichana na mpiga mkuki wanatazamana. Maneno ya amri usiyaandike. Kurasa nane za mwisho: anapanda kilima bila kugeuka nyuma, mashua imeokolewa, watu wanashangilia, na kisu kile bado kimo kiunoni mwake.

Mapigano yenyewe utaona nimeyapa nafasi ndogo. Kifo cha mpiga mkuki nimekiacha nje ya ukurasa, na usishawishike kukirudisha, hata kama una mchoro wake tayari nao ni mzuri.

Hapo kuna jambo la kifo lenyewe. Fire Emblem ilijipatia jina kwa kanuni moja kali: askari wako akifa vitani, harudi. Lakini wachezaji walijifunza kuizima mashine na kuanza upya, ili wampate mtu wao akiwa hai. Manga haina cha kuzima. Ukurasa wa 22 ukishasomwa umeshasomwa. Hii ni nguvu ambayo gemu yenu haina, na mliipoteza mlipowaua watu watano katika sura moja. Watano wakifa kwenye sura ya kwanza hajafa mtu, maana hakuna aliyekuwa amewajua. Vivyo hivyo na wale 24. Fire Emblem ile ya kwanza ilikuwa na wapiganaji zaidi ya 50 wa kuwakusanya, na kwenye gemu wingi ni raha. Kwenye sura ya kwanza ya manga nyuso tatu zinatosha, pengine nne.

Ramani umeichora mara tisa. Naomba uichore mara moja tu, na iwe kitu mkononi mwa mtu: ngozi iliyokunjwa, kona imeungua, damu ya mtu imelifuta jina la kijiji. Aliyeko vitani haoni ramani. Ukitaka kulijua hilo mwilini, Fort Jesus iko hatua chache kutoka mlangoni kwenu. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596. Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, takriban miezi 33. Kwenye gemu hilo lingekuwa mraba mmoja wenye picha ya ngome na namba inayopungua pembeni. Panda kwenye ukuta unaotazama bahari, usimame hapo robo saa. Wewe ni askari wa ndani. Wenzako wanakufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kazi yako ni kutazama mdomo wa mlango wa bahari na kuhesabu matanga. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilikuja na ikazama 1697 hapo chini ya ngome, ukiiona. Huo ndio mkakati ukitazamwa kutoka ndani: macho yaliyokwama kwenye upeo mmoja. Chora macho hayo, na msomaji ataielewa ramani bila kuonyeshwa.

Namba zote ziondoe. Baa za uhai, pointi za nguvu, majina ya uwezo yanayotokea juu ya vichwa. Kanuni mnazo nzuri, lakini zionekane kwa mwili. Mwaka 1996 Fire Emblem ilianzisha kanuni ya pembetatu: upanga unalishinda shoka, shoka linaushinda mkuki, mkuki unaushinda upanga. Mchezaji anaisoma kwa mshale wa kijani na mwekundu. Mchoraji hahitaji mshale. Shoka ni zito, likishainuliwa kifua kiko wazi, na mwenye upanga anahitaji nukta moja tu. Mkuki unamzuia wa upanga hatua mbili kabla hajafika. Chora urefu na uzito wa silaha kwa ukweli, na kanuni itajieleza.

Kuhusu njia panda za hadithi yenu, pale mchezaji anapochagua kuwasaidia wachawi au kuwapinga: chagua moja, na usitafute ya katikati. Tactics Ogre ya mwaka 1995 ina mojawapo ya njia panda nzito kuliko zote ninazozijua. Kijana Denam anaamriwa ashiriki kuwaua watu wa mji wa Balmamusa, watu wa upande wake mwenyewe, ili lawama imwangukie adui, na hadithi inagawika kwa jibu la mchezaji. Kwenye gemu mtu anaweza kurudi akaonja njia zote. Kwenye manga ile njia iliyoachwa haipotei ikiwa mhusika anaendelea kuikumbuka. Msichana wako atajiuliza miaka yote ingekuwaje lau angechelewa pale kwenye ngazi.

Sasa la kulia na kushoto.

Wengi watakwambia kulia kwenda kushoto ndiyo manga ya kweli. Sikubaliani nao. Wajapani wanachora hivyo kwa kuwa maandishi yao ya wima hupangwa kutoka kulia. Mchoro unafuata jicho, na jicho linafuata maandishi. Nyinyi mnaandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Jicho likisoma neno kuelekea kulia, kisha likaburutwa kushoto kwenda kisanduku kingine, linachoka. Chora kutoka kushoto. Ipo hali moja ningeshauri kinyume, nayo kwa Mombasa si ndoto: kama mngeandika maneno kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili kiliandikwa hivyo pwani hii kwa karne nyingi, na Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, wenye vita tele ndani yake, ulisomwa kutoka kulia. Watoto waliopita chuo cha Kurani jicho lao linaijua njia hiyo. Toleo dogo la pili kwa herufi hizo, hata la sura moja, lingekuwa zuri mno, na manga ingekuwa nyumbani pwani hii ambako Manga, kwa wazee wetu, ni Uarabuni.

Na utenzi huo usomeni kwa faida nyingine. Watunzi wetu hawakusimulia majeshi yakigongana muda mrefu. Mtu mmoja anatoka safuni, anasema maneno, mwengine anamjibu, wanapambana wawili. Vita vinapita kwenye vinywa na mikono ya watu wenye majina.

Viputo vyenu vya maneno ni vyembamba na virefu. Mmeviiga kutoka Japani, ambako maandishi husimama wima. Kiswahili kinalala, na vitenzi vyake ni virefu. "Wamekwishatuzunguka" ni neno moja, nawe umelikata mara tatu ndani ya kiputo kimoja, tena mara moja katikati ya silabi. Vipanue, na maneno yapunguzwe. Askari anayekimbia hasemi neno la silabi nane. Atasema "Wako nyuma!"

Sauti nazo umeziacha kwa Kijapani, na hili lilinisikitisha, kwa sababu lugha yetu ni tajiri hapo kuliko nyingi. Mtu anaanguka majini chubwi, anaanguka chini pu, mlango unafungwa ndi, giza totoro. Wajapani wana neno wanaloliandika juu ya picha kuonyesha ukimya, shiin, na wageni hulistaajabia. Sisi tuna jii. Ukurasa ule wa msichana na mpiga mkuki wakitazamana, weka jii moja, herufi nyembamba, kubwa, nyuma ya vichwa vyao.

Mambo mawili ya haraka. Wasomaji wenu wengi watasoma kwenye simu, basi ukurasa usizidi visanduku vitano, na ujaribu kila ukurasa kwenye kioo kidogo kabla ya kuuita umekwisha. La pili, nyinyi ni watu wa nyumba moja na ndiyo maana nalisema: andikeni leo karatasi ya nani ana haki gani juu ya wahusika, kwenye gemu na kwenye manga, mkaisajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kama kuna picha au mapambo mliyonunua kwa ajili ya gemu, someni masharti yake, maana ruhusa ya gemu huenda isifike kwenye kitabu.

Wino usiuguse bado. Anza na kile Wajapani wanachokiita nemu: vijisanduku vya penseli, watu wa vijiti, maneno yameshaandikwa. Fanya zile kurasa 12 tu za zamu ya tano. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuicheza gemu yenu, mama au shangazi, aisome bila ya wewe kukaa ubavuni kumfafanulia. Usimuulize kama ni nzuri. Ngoja siku mbili, halafu muulize nani alibaki darajani, na kisu kiko wapi.